Kusoma kwa taabu si ujinga wa biashara
Nauza mitumba Kongowea, na kusoma kwangu ni taabu: herufi hunichanganya. Hali hii huitwa disleksia. Si ujinga wala uvivu; ni namna ubongo unavyochambua maandishi. Kilichoniumiza zaidi ni kuificha. Nilitia sahihi mkopo nisiouelewa, nikakosa usingizi miezi kadhaa.

Ingvar Kamprad, Mswidi aliyeanzisha IKEA mwaka 1943, alikuwa na disleksia. Nambari za bidhaa zilimsumbua, basi fanicha zake akazipa majina. Hakuacha biashara; alibadilisha utaratibu wa kazi.

Nami sasa madeni nayarekodi kwa sauti kwenye simu, na binti yangu hunisomea kila mkataba kabla sijatia sahihi. Mfanyabiashara mwenzangu, usione haya kuomba kusomewa.