Tembo mwekundu wa Tsavo huanza akiwa mweusi

WAGENI wengi wanaopitia Voi hutamani kurudi kwao na fulana yenye picha ya tembo wa Tsavo, yule aliyegeuzwa mwekundu na udongo anamogaagaa. Kabla ya kufika kifuani mwa mvaaji, picha hiyo huchapwa kwanza kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Hapo ndipo mafundi chipukizi hupatia hasara, ingawa kazi yenyewe haimhitaji mtu asafiri kilomita 150 hivi hadi Mombasa kutafuta wa kumfanyia.

Uchapaji wa skrini si mgeni Taita Taveta. Kiwanda cha Wildlife Works kilichoko Rukinga, karibu na Maungu, kimeshona na kuchapa fulana kwa miaka mingi. Fundi mdogo hutumia njia iyo hiyo. Kitambaa chembamba cha wavu huwambwa kwenye fremu, kikapakwa emulsheni gizani na kuachwa kikauke. Karatasi ya plastiki yenye picha huwekwa juu yake, kisha fremu huanikwa juani. Mwanga huigandisha emulsheni, lakini palipozibwa na wino hubaki laini na kuoshwa kwa maji. Rangi hupenya kwenye matundu hayo.

Ndiyo sababu tembo huchapwa mweusi tititi, hata kama atakuwa mwekundu kwenye fulana. Ukimchapa kwa wekundu hafifu, jua litampenya na emulsheni yote itaganda.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na kutoijua mashine. Printa ya leza na mashine nyingi za fotokopi huyeyusha unga wa wino kwa joto linaloweza kukaribia nyuzi 200 za selsiasi. Plastiki ya kufunikia vitabu ikitiwa humo huyeyuka na kujizungusha kwenye rola, na mwenye duka hatakusamehe. Nunua karatasi iliyoandikwa wazi kwamba ni ya leza. Printa ya wino wa maji nayo huhitaji karatasi yenye upande uliopakwa dawa ya kunyonya wino. Kwenye plastiki tupu wino hutiririka na kuchafua kila kitu. Ukishindwa kuutambua upande huo, gusa pembe kwa kidole chenye unyevu: unaonata kidogo ndio wa kuchapwa.

Kazi ikitoka, iinue kuelekea dirishani. Ukiona mwanga ndani ya weusi, chapa nakala nyingine na uzipandanishe. Joto la leza hukunjamanisha karatasi kidogo, hivyo picha ya rangi mbili, tuseme tembo mwekundu chini ya mbuyu wa kijani, itolewe yote kwenye mashine moja na kwa mwelekeo mmoja. La sivyo, rangi hazitakutana. Asiye na fedha anaweza kuchapa kwenye karatasi ya kawaida na kuipaka mafuta ya kupikia ili mwanga upite. Mistari haiwi safi sana, lakini kwa maandishi makubwa ya timu ya soka yatosha kabisa.

Jambo la maandishi huwachanganya wengi. Kwa skrini, chapa kama kawaida, kisha ulaze upande wenye wino ugusane na emulsheni kwa nje ya fremu; ukiuacha juu, mwanga hujipenyeza pembeni na mistari hufifia. Kwa pambo la kubandikwa kwenye kioo cha taa au dirisha, wino ukiwa nyuma ya plastiki, geuza maandishi kwenye kompyuta kwanza, yaani yasomeke kinyume. Pambo hilo huruhusiwa kuwa na rangi, ila printa za kawaida hazina wino mweupe. Pembe za tembo zitakuwa kioo kitupu, isipokuwa ubandike karatasi nyeupe nyuma yake.

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017 haikuzigusa karatasi hizi. Hata hivyo usizitupe: zikihifadhiwa bapa ndani ya bahasha, mbali na vumbi, picha ile ile yaweza kutengeneza skrini nyingine msimu ujao wa watalii.