Diski Iliyokufa na Matini Zilizo Hai



Mtaniwia radhi ikiwa leo, badala ya viambishi na vitenzi, nitazungumzia vyuma. Sababu yake ni nyepesi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita data ya lugha, yaani sauti za wazee, picha za miswada ya hati ya Kiarabu na faili za kamusi, imehamia kwenye diski za seva. Mtafiti asiyejua jinsi diski hizo zinavyokufa ni sawa na mtunza maktaba asiyewajua mchwa.

Diski ngumu ni sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kufa kwake si jambo la kubahatisha. Kinachobahatishwa ni siku tu. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala wakipendekeza diski nyingi za bei nafuu ziunganishwe zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa data isipotee. Utaratibu huo ndio unaoitwa RAID.

Msingi wake ni hesabu ya mtoto wa shule. Tuseme diski tatu zimebeba 7, 4 na 9, na ya nne imebeba jumla yake, 20. Ya pili ikifa, tunatoa 7 na 9 katika 20, nayo 4 inarudi. Mashine hufanya hivyo kwa sifuri na moja, ikiangalia iwapo idadi ya moja ni shufwa au witiri. Alama hiyo ya ukaguzi huitwa pariti. Katika RAID 5, pariti hutawanywa kwenye diski zote, na safu huhimili kifo cha diski moja. RAID 6 huweka ukaguzi wa aina mbili, ikahimili vifo viwili.

Wenzangu wa ushairi wanalijua jambo linalokaribiana na hili. Neno lililoliwa na mchwa mwishoni mwa mshororo huacha kina na mizani, na kwa hayo mhakiki hulitafuta. Tofauti ni kwamba kina na mizani hupunguza makisio tu, ilhali pariti hutoa jibu moja.

Sasa tuje kwenye kubadilisha. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa nakala rudufu ipo mahali pengine na inasomeka. Ya pili ni kuitambua diski iliyokufa kwa namba yake ya kiwandani, si kwa kuhesabu nafasi. Ya tatu ni kuweka diski mpya yenye ujazo usiopungua ule wa zamani. Ya nne ni kuiamuru safu ijijenge upya, bila kuthubutu kuunda safu mpya, kwani amri hiyo yaweza kufuta kila kitu. Ya mwisho ni subira. Ujenzi waweza kuchukua saa nyingi, hata siku kadhaa, na katika muda huo kila diski iliyobaki husomwa mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo RAID 5 haina kinga tena. Na diski zilizonunuliwa pamoja huzeeka pamoja.

Hatua ya pili nimeisisitiza kwa uchungu. Katika hifadhi moja niliyofanyia kazi, mtambo uliripoti kuwa diski namba 2 imekufa. Fundi alihesabu kutoka kushoto, moja, mbili, akaichomoa seva ikiwa inafanya kazi. Mtambo ulikuwa unahesabu kuanzia sifuri. Alichomoa diski nzima, safu ikaanguka, na jitihada zilizofuata kwa pupa ziliharibu kilichokuwa kingali kinaokoleka. Sehemu ya rekodi za misamiati ya wavuvi tuliipata kwa mwanafunzi aliyekuwa ameinakili kwa ajili ya tasnifu yake. Iliyobaki haikurudi, na baadhi ya wasemaji wake walikwishafariki. Sisi tunaofundisha semantiki tulishindwa kuuliza swali letu la kila siku: msemaji huyu anaposema “mbili”, anamaanisha nini?

Pia tulikuwa tumechanganya dhana mbili. RAID hulinda dhidi ya kufa kwa diski. Haikulindi dhidi ya kidole kinachofuta faili, moto, mwizi au kirusi, kwa kuwa kosa lolote huandikwa papo hapo kwenye safu nzima. Nakala rudufu ni kitu kingine, na mahali pake ni jengo lingine.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi: kabla ya kwenda uwandani kumrekodi bibi wa Pemba au nahodha wa Lamu, ulizeni sauti hiyo italala wapi, na nani ataiangalia taa ya seva. Mzee aliyetupa maneno yake ametimiza wajibu wake. Uliobaki ni wetu.