Tapeli Anapojibu Kabla ya Benki

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huingia majini na taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa hawakimbizwi. Wanaufuata mwanga wenyewe, na wavu unawangoja. Kilindini baharini, ambako jua halifiki kamwe, yupo samaki anayevua kwa taa yake mwenyewe. Jike lake lina kijiti kilichoota juu ya kichwa, na ncha yake hung'aa kwa sababu ya bakteria wanaoishi humo. Samaki mdogo huusogelea mwanga ule na kukutana na meno. Wataalamu wa usalama wa mitandao walilichukua jina la samaki huyo wakaupa utapeli mmoja ambao sasa unawaandama wateja wa benki na wanachama wa SACCOS kwenye Facebook, Instagram na X.

Utapeli huu huanza na malalamiko ya mteja mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyehamisha shilingi laki tatu kutoka benki kwenda kwenye simu. Akaunti imekatwa, hela haijafika. Anapiga simu huduma kwa wateja, anasikilizishwa muziki mpaka vocha inakwisha. Anaingia kwenye ukurasa wa benki na kuandika chini ya picha: "Hela yangu haijafika tangu asubuhi, mbona hamjibu?" Haipiti robo saa, anajibiwa. Nembo ni ya benki. Jina ni la benki, ila limeongezwa neno "msaada". Lugha ni ileile ya kaunta: "Habari mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Tafadhali tuandikie WhatsApp kwa namba hii tukuhudumie haraka." Benki yenyewe itamjibu kesho yake mchana.

Huko WhatsApp anaulizwa jina kamili, namba ya akaunti, namba ya simu. Kisha anaombwa "tarakimu tulizokutumia sasa hivi ili turudishe muamala." Na kweli, ujumbe wenye tarakimu umeingia, tena umetoka benki halisi. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa: kama ni tapeli, imekuwaje benki ikatuma ujumbe? Ni kwamba wakati mwalimu anachati, mtu wa upande wa pili amefungua programu ya benki kwenye simu yake na kuingiza namba ya mwalimu. Mfumo wa benki umefanya kazi uliyoundiwa, ukatuma tarakimu za uthibitisho kwa mwenye namba. Tarakimu zile zinathibitisha tu kwamba anayeziingiza anazijua. Kama amezipokea mwenyewe au amesomewa na mwenzake, mfumo hauna njia ya kulitambua hilo.

Mtu akitapeliwa namna hii, majirani husema alikuwa mjinga au mwenye tamaa. Sikubaliani nao, na utafiti uko upande wangu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha mwaka 2007 matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo hicho. Kundi moja lilitumiwa barua pepe iliyoonekana kutoka kwa mtu wasiyemjua wa chuo hichohicho, ikiwataka waingize nywila zao kwenye tovuti. Asilimia 16 walinasa. Kundi la pili lilitumiwa barua iliyoonekana kutoka kwa rafiki, na majina ya marafiki yalikuwa yamekusanywa kwenye mitandao ya kijamii, mahali palipo wazi kwa kila mtu. Asilimia 72 walinasa. Hawa walikuwa wasomi wa chuo kikuu, na kilichobadilika ni jina la mtumaji tu.

Ujumbe tuliouzoea wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hurushwa gizani kwa maelfu ya watu, ukitarajia kumkuta mmoja aliyekuwa kweli anadaiwa. Huyu wa mitandaoni habahatishi. Anakujua jina, anajua benki yako, anajua kwamba umekasirika na una haraka, kwa sababu umeyaandika yote hayo hadharani.

Kwa SACCOS hatari ina sura nyingine, na kwangu inaumiza zaidi. Benki kubwa ina kitengo cha kulinda mifumo. SACCOS ya walimu au ya wakulima wa kahawa pengine ina karani mmoja anayeandika mikopo, anayepokea marejesho na anayesimamia ukurasa wa Facebook kwa simu yake binafsi. Wanachama wako kwenye kundi la WhatsApp. Tapeli akimhadaa mweka hazina ampe tarakimu 6 za kusajili WhatsApp, basi kesho yake ni yeye anayezungumza kwa jina na picha ya mweka hazina. Atatangaza namba mpya ya kuwekea hisa na wanachama watatuma, kwa kuwa wanamwamini mtu waliyemchagua wenyewe mkutanoni. SACCOS husimama juu ya kuaminiana huko, na ndiko tapeli anakokuja kuchuma.

Alama ya tiki kando ya jina la akaunti nayo isikutulize. Novemba 2022, Twitter, ambayo sasa ni X, ilipoanza kuiuza kwa dola 8 kwa mwezi, mtu mmoja alijifanya kampuni ya dawa ya Eli Lilly akatangaza kwamba insulini inatolewa bure. Tiki ilikuwepo, na kampuni ililazimika kuomba radhi kwa maneno ambayo haikuyasema.

Kinga ya kweli ni ile isiyotegemea jicho la mtu aliyechoka. Mapema mwaka 2017 Google iliwataka wafanyakazi wake, zaidi ya 85,000, kuingia kwenye akaunti zao za kazi kwa kifaa kidogo cha usalama kinachochomekwa kwenye kompyuta. Mwaka uliofuata ilieleza kwamba tangu hapo hakuna hata mmoja aliyeibiwa akaunti ya kazi kwa hadaa ya namna hii. Kifaa hicho husoma anwani halisi ya tovuti, na isipokuwa ile iliyosajiliwa nacho, hakifungui. Hakuna tarakimu ya kumsomea mtu. Teknolojia hiyohiyo sasa imo ndani ya simu nyingi, na benki zetu zinaweza kuitumia.

Lakini kuna la kufanya leo bila kununua chochote. Tapeli hufanikiwa kwa sababu anawahi. Benki inayoacha lalamiko saa ishirini bila jibu imemwachia nafasi, na kuwaonya wateja "msitoe namba ya siri" hakuondoi wajibu wake wa kujibu mapema. Ukurasa uwe na watu wa kuuhudumia, au ufungwe sehemu ya maoni. SACCOS nazo zikubaliane mkutanoni kwamba namba ya kuwekea hela haibadilishwi kwa ujumbe wa WhatsApp, hata ukitoka kwa mwenyekiti.

Nawe msomaji, hela ikikwama, piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako au nenda tawini. Anayekufuata inboksi akitaka tarakimu, usimjibu. Kwa walioko Tanzania, namba ya kuripoti ujumbe wa kitapeli ni 15040.