Urubani wa nyikani Alaska

Urubani wa nyikani ni kazi ya kurusha ndege ndogo kwenda mahali pasipo na barabara wala uwanja wa lami, na kutua kwenye changarawe, majani, mchanga wa mtoni, maji, theluji au barafu. Kazi hiyo hufanyika katika sehemu nyingi za dunia, lakini imepata sifa hasa katika Kanada ya kaskazini na katika Alaska, jimbo la Marekani lililopo kaskazini-magharibi kabisa mwa bara la Amerika. Makala hii inahusu Alaska.

Sababu za kutegemea ndege

Alaska ina eneo la kilomita za mraba milioni 1.7 hivi, yaani karibu mara mbili ya Tanzania, lakini mwaka 2020 wakazi wake walikuwa takriban 733,000 tu. Takriban asilimia 80 ya miji na vijiji vyake havijaunganishwa na mtandao wa barabara. Hata Juneau, makao makuu ya jimbo, haifikiwi kwa barabara kutoka nje.

Kujenga barabara ni kazi ngumu huko. Milima ni mirefu, mito ni mingi, na katika sehemu kubwa ya jimbo udongo wa chini umeganda mwaka mzima. Wakati wa kiangazi tabaka la juu huyeyuka na kuwa matope. Majahazi hupeleka mafuta na mizigo mizito vijijini, lakini majira ya baridi mito huganda, na Bahari ya Bering ya kaskazini vilevile.

Kwa hiyo ndege ndogo si anasa bali ndiyo basi, lori na gari la wagonjwa. Inabeba walimu, wanafunzi wanaokwenda michezoni, mama wajawazito, barua, unga na maziwa ya watoto. Serikali ya Marekani hata ina utaratibu maalumu wa posta kwa Alaska, ambapo bidhaa za madukani husafirishwa kwa ndege kama vifurushi, ili bei zisiwashinde wanavijiji.

Historia

Ndege ya kwanza kuruka Alaska ilionekana Fairbanks mwaka 1913. Tarehe 21 Februari 1924 rubani Carl Ben Eielson alipeleka barua kutoka Fairbanks hadi McGrath, umbali wa zaidi ya kilomita 400. Alitumia chini ya saa tatu, wakati sleji za kuvutwa na mbwa zilihitaji zaidi ya wiki mbili.

Hata hivyo, ushindi wa ndege haukuja mara moja. Mnamo Januari 1925 ugonjwa wa dondakoo ulizuka katika mji wa Nome. Baadhi ya watu walitaka dawa ipelekwe kwa ndege, lakini ndege zilizokuwepo Fairbanks zilikuwa zimefunguliwa vipande kwa ajili ya majira ya baridi, na rubani wake angekaa mahali pa wazi bila kinga dhidi ya baridi kali. Dawa ilipelekwa na waendesha sleji 20 waliopokezana kwa zaidi ya kilomita 1,000, ikafika tarehe 2 Februari.

Miaka iliyofuata hali ilibadilika. Noel Wien, aliyekuwa wa kwanza kuruka kutoka Anchorage hadi Fairbanks mwaka 1924, alianzisha pamoja na ndugu zake huduma za ndege za abiria na mizigo. Bob Reeve wa Valdez alijulikana kwa kutua na ndege yenye skii juu ya barafuto za milimani ili kuwapelekea wachimba madini mahitaji yao. Wakati wa kiangazi mjini kwake hapakuwa na theluji, hivyo aliruka kwa skii hizohizo kutoka kwenye matope laini ya ufukweni baada ya maji kupwa.

Viwanja

Serikali ya jimbo inamiliki zaidi ya viwanja 200 vya vijijini, na vingi havina lami. Penye udongo ulioganda, wajenzi hawachimbi sana. Hutandaza tabaka nene la changarawe juu ya ardhi, nalo huzuia joto la kiangazi lisifike chini. Barafu ya chini ikiyeyuka, njia ya ndege hubonyea na kupata mashimo. Kuongezeka kwa joto duniani kumezidisha tatizo hilo.

Mbali na viwanja rasmi, marubani hutua pia kwenye mafungu ya changarawe katikati ya mito. Hayo hubadilika kila mafuriko yanapopita, hivyo ramani ya mwaka jana haitoshi.

Ndege zinazotumika

Ndege ya nyikani inatakiwa kuruka polepole bila kuanguka na kusimama ndani ya umbali mfupi. Piper Super Cub, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1949, hubeba watu wawili tu, lakini inaweza kusimama ndani ya takriban mita 100 baada ya kugusa ardhi. De Havilland Canada Beaver iliruka mara ya kwanza mwaka 1947 baada ya kiwanda kuwauliza marubani wa nyikani wanataka nini. Milango yake ni mipana kiasi cha kupitisha pipa la mafuta, na oili ya injini inaweza kuongezwa kutoka ndani wakati ndege ikiwa angani. Kwa safari za ratiba vijijini, Cessna Caravan inatumika sana.

Ndege nyingi za aina hii zina gurudumu dogo mkiani badala ya puani, ili propela ikae mbali na mawe. Matairi makubwa yenye upepo mdogo hupita juu ya mawe na mashimo. Kiangazi maboya huwekwa mahali pa magurudumu kwa kutua ziwani, na majira ya baridi huwekwa skii.

Namna ya kutua

Mahali pengi hakuna mnara wa kuongozea ndege. Rubani huzunguka kwanza juu ya kiwanja. Huangalia mawimbi ya maji na majani ili kujua upepo unatoka wapi, hutafuta mashimo, magogo na wanyama, na huhakikisha kwamba ataweza kuondoka tena. Kwenye mchanga asioujua, anaweza kugusa kidogo kwa magurudumu na kupaa tena ili kupima ugumu wake. Wakati wa kuondoka huongeza nguvu ya injini polepole, kwa sababu propela inayozunguka kwa kasi ndege ikiwa imesimama huvuta mawe na kujiharibu.

Baridi ina faida moja: hewa baridi ni nzito, hivyo mabawa na injini hufanya kazi vizuri zaidi. Ndege ileile yenye mzigo uleule huhitaji njia ndefu zaidi Nairobi, penye joto na mwinuko mkubwa. Lakini baridi huganda oili pia. Marubani wa zamani waliimwaga kila walipotua jioni, wakaipasha moto asubuhi kabla ya kuwasha injini.

Hatari

Changarawe huvunja ndege, lakini mara nyingi kinachoua ni hali ya hewa. Theluji ya chini na mawingu meupe vikiungana, rubani haoni tena upeo wa macho na anaweza kugonga ardhi bila kujua. Barafu ikishika mabawani huongeza uzito na kuharibu umbo lake. Mawingu yakishuka, wengine hujaribu kupita chini yake mabondeni, wakakuta bonde limefungwa mbele.

Shinikizo la watu huongeza hatari hiyo. Mgonjwa anasubiri, duka ni tupu, abiria anataka kufika mazishini. Kukataa kuruka ni sehemu ngumu ya kazi hii.

Juhudi za usalama

Mwaka 1999 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilianza mradi katika eneo la Bethel, magharibi mwa Alaska. Ndege ziliwekewa vifaa vya setilaiti na skrini inayoonyesha milima, ndege nyingine na hali ya hewa. Mradi huo ulichangia mfumo ambao baadaye ulienea Marekani nzima. Pia kamera ziliwekwa viwanjani na kwenye mapito ya milimani, ili rubani aone kwa macho hali ilivyo kabla ya kuondoka. Picha hizo humsaidia kuwaeleza wanaomsubiri kwa nini leo haji.

Sheria ya Alaska inadai ndege ibebe vifaa vya kuokoa maisha, vikiwemo chakula, kiwashio cha moto na vifaa vya huduma ya kwanza. Vifaa hivyo vinahitajika kwa kuwa ndege ikitua kwa dharura, msaada unaweza kuchukua siku kadhaa kufika.