Kumbukumbu za Nasaba katika Kata ya Lukozi, Lushoto: Zilipo na Zinapokomea

Mtafiti wa nasaba za Lukozi hawezi kuanzia kwenye vyeti vya kuzaliwa. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya 1920 haikuwalazimisha Waafrika kujiandikisha katika enzi ya Waingereza. Hivyo, kwa familia nyingi za milimani, kumbukumbu zilizo chini ya RITA hazirudi nyuma sana. Sensa ya 1948 nayo iliwahesabu Washambaa kikabila, na ripoti yake haina majina. Hali hii si ya Usambara peke yake: sensa ya Marekani ya 1850 iliorodhesha kila mtu huru kwa jina, ilhali watumwa walihesabiwa bila majina.

Maandishi yanayowataja watu wa kawaida hupatikana zaidi katika vitabu vya ubatizo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo cha Mlalo, walichokiita Hohenfriedeberg, mwaka 1891. Thamani ya kitabu cha ubatizo ni kwamba kinaweza kuunganisha jina la Kishambaa na jina jipya la Kikristo. Asiyeuona uhusiano huo huweza kumhesabu babu mmoja kuwa watu wawili. Nyaraka za misheni hiyo zilizopelekwa Ujerumani zimehifadhiwa Wuppertal, na za serikali ya Kijerumani zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kuzifikia ni jambo moja. Kuusoma mwandiko wa Kijerumani wa zama hizo ni jambo jingine, na pengine ndilo gumu zaidi.

Njia hiyo huwafaa Wakristo. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ndoa zao zilithibitishwa na mashahidi kuliko karatasi hata kabla ya Sheria ya Ndoa ya 1971, tegemeo ni majalada ya mirathi na mashauri ya ardhi. Humo mdai hulazimika kutaja baba, babu na mipaka ya shamba. Hata hivyo, nasaba inayotolewa ili kupata shamba ina maslahi ndani yake: huelekea kuwaacha mabinti na watoto wao, na mtafiti akiinukuu bila kuihoji huwafuta mara ya pili. *Habari za Wakilindi*, kazi ya Abdallah bin Hemedi, haizibi pengo hilo, kwa kuwa inafuata ukoo wa Mbegha na watawala wa Vuga. Kwa wakulima wa Lukozi yabaki masimulizi ya wazee, ambayo hayana budi kukusanywa pia kwa waliooa au kuolewa katika ukoo husika, kwani hao huwakumbuka mabinti walioachwa.