Masika ya Ogembo na Maji ya Nili

Sisi watu wa pwani tumezoea bahari, hata tukadhani uzuri wa nchi umeishia ufukweni. Lakini afikaye Ogembo, katika nchi ya Wakisii, masika ya Aprili, hukuta vilima vimevikwa kijani: migomba, michai, miwa na mahindi, shamba kwa shamba, na ukungu wa asubuhi umetanda mabondeni. Alasiri mvua hushuka, ardhi ikanukia.

Hapo hupita mto Gucha. Maji yake huteremka hadi Migori, yakaingia Ziwa Viktoria, kisha yakafuata Nili mpaka Misri, mto uliombeba Nabii Musa, alayhi salaam, akiwa mchanga. Surat Al-Ghaashiya inatuita tuzingatie milima na ardhi. Basi kutazama kwa mazingatio ni ibada, si starehe tupu.

Na atazamaye kwa moyo hulinda. Kandokando ya mito ya Kisii imepandwa mikaratusi kwa ajili ya mbao na kuni, nayo hunywa maji mengi, chemchemi zikadhoofika. Wazazi wenzetu, tukisafiri na watoto likizo hii, tuwaonyeshe neema hiyo, tusiache taka nyuma yetu, na tuwafunze kwamba maji ni amana. Neema isiyoshukuriwa huondoka.