Ngiri Isikupangie Tarehe ya Upasuaji

Mpagazi wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, hulipwa kwa mzigo. Siku asiyobeba hana posho. Ndiyo maana uvimbe wa kinenani, unaotokeza akisimama na kurudi ndani akilala, huvumiliwa miaka. Ninashikilia kwamba uvumilivu huo humgharimu zaidi ya matibabu, na kwamba tarehe ya upasuaji inapaswa kupangwa na mgonjwa mwenyewe, kabla ngiri haijampangia. Ngiri ya kinena ni upenyo katika ukuta wa misuli ya tumbo, na mafuta au utumbo hujipenyeza humo. Hakuna mzizi wala kidonge kinachouziba. Utumbo ukinasa na damu ikakatika, sehemu hiyo huoza, na mgonjwa hupasuliwa kwa dharura akiwa anatapika na hajapimwa kisukari wala presha.

Wapo watakaosema kwamba ngiri isiyouma yaweza kusubiri, na hawasemi ovyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusu wanaume 720 wenye dalili chache, ulionyesha kwamba kwa mwaka walionaswa utumbo ghafla hawakufika 2 kati ya 1,000. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka kumi, takribani theluthi mbili ya waliopangiwa kusubiri walikuwa wameshapasuliwa, wengi wao kwa sababu ya maumivu. Tena walisubiri chini ya uangalizi wa daktari. Kusubiri bila kwenda hata mara moja kliniki ya hospitali ya Amana au Mnazi Mmoja ni jambo jingine, kwani hata kujua kama uvimbe ni ngiri au busha kunahitaji kupimwa.

Maandalizi yenyewe hayana gharama kubwa. Anayevuta sigara aache angalau wiki nne kabla, kwa kuwa moshi huchelewesha kidonda kupona na huleta kikohozi kinachovuta nyuzi. Presha na sukari zidhibitiwe, na daktari aambiwe dawa zote, za mitishamba zikiwemo. Mgonjwa aoge, lakini asijinyoe kwa wembe nyumbani, maana michubuko hukaribisha vijidudu. Kwa kawaida chakula husimama saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa mbili, isipokuwa hospitali ikielekeza vingine.

Kazi kubwa huja baadaye. Utafiti uliofanyika katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018 ulibaini kwamba wagonjwa wa upasuaji barani walikufa mara mbili ya wastani wa dunia ingawa walikuwa vijana zaidi, na zaidi ya vifo 9 kati ya 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Maambukizi ndiyo yaliyoongoza kwa madhara. Kwa hiyo mgonjwa atembee mapema, ale mboga na matunda na kunywa maji ili asijikamue chooni, na arudi hospitali upesi akiona usaha, homa au uvimbe unaoongezeka.

Linabaki swali la fedha. Kurudia kubeba mizigo mizito huhitaji kwanza mapumziko ya wiki kadhaa, na familia haili mapumziko. Ila tarehe inayojulikana huweza kuwekewa akiba kwenye kikoba, na mpagazi akarudi kwanza kuhesabu na kusimamia mizigo. Dharura haitoi nafasi hiyo. Hata wavu wa kuimarisha misuli si lazima uwe ghali: utafiti wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta wavu wa bei nafuu, uliotokana na kitambaa cha chandarua na kutakaswa, ukifanya kazi sawa na wa kiwandani baada ya mwaka mmoja. Wenye mizigo nao wana wajibu. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 mwanamume asibebe zaidi ya kilo 55, ilhali gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, huzidi kilo 100. Kuligawa gunia hilo na kumpa mgonjwa kazi nyepesi ni sehemu ya tiba yake.